Bwana Fisi Aliyeazima Joto

Paukwa!

(Pakawa!)

Mbona mnaitika kinyonge kama waliopewa uji wa jana? Paukwa!

(PAKAWA!)

Kaa la moto?

(Halishikwi!)

Uji wa moto?

(Haunywewi kwa pupa!)

Na mwenye pupa?

(Apulizie kwanza!)

Naam. Sasa nimejua kuna watu hapa, si magunia. Sogeeni, mfunge midomo mfungue masikio. Na yule anayetafuna mahindi atafune taratibu, maana ngano hii haishindani na meno ya mtu.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu wa babu yangu alisimuliwa tu, palikuwa na kilima kirefu chenye majabali meusi. Pale kilimani, kipupwe kilipoingia, hakikubisha hodi. Ulikuwa ukiamka asubuhi unakuta majani yamepakwa sakitu nyeupe kama chumvi. Maji ya kunawa yalikuwa yanauma. Hata matusi yaliganda mdomoni, watu wakaishi kwa adabu miezi ile yote.

Wakaaji wa kilima kile walikuwa na sheria moja waliyorithi kwa wazee wao: *Aliye na baridi hanyimwi joto.* Ukibisha hodi kwa jirani wakati wa kipupwe, mbele ya shahidi, ukasema una baridi, jirani hana ruhusa ya kukwambia "sina" wala "njoo kesho". Akikunyima, basi siku moto wake utakapozimika hakuna atakayempa kaa hata moja mpaka mvua za masika. Na pale kilimani, kukaa bila moto mpaka masika ni sawa na kujichimbia kaburi mwenyewe na kuingia.

Sheria njema, siyo? Njema sana. Lakini sheria njema ikiangukia mikononi mwa mwenye pupa, huwa kamba ya kumfungia mpole.

Basi huyo mpole alikuwa nani? Alikuwa Bi Pimbi.

Bi Pimbi mnamjua. Yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia. Siku Mungu alipowagawia wanyama mafuta ya kuwatia joto, Bi Pimbi alifika chungu kimekwisha kukombwa. Akapewa manyoya mafupi na pole. Kwa hiyo baridi ilimpenda kuliko wanyama wote. Na kwa kuwa baridi ilimpenda, yeye akajifunza joto kama mwingine anavyojifunza ufundi wa kusuka mikeka.

Asubuhi aliwatoa wanawe akawapanga juu ya jabali jeusi linalotazama jua. Alikuwa akiwaambia, "Jabali jeupe hulifukuza jua, jabali jeusi hulimeza. Kaeni hapa." Jioni alikoka moto mdogo katikati ya mafiga. Chakula kikiiva, alifukia makaa kwa majivu yasife. Mdomo wa pango aliuziba kwa nyasi kavu. Kisha watoto aliwalaza juu, kwenye kichanja cha jiwe karibu na dari, akawafunika blanketi alilolishona mwenyewe kwa manyoya ya kanga.

Watoto walimuuliza, "Mama, mbona wewe unatulaza juu, na moto uko chini?"

"Kwa sababu hewa ikipata moto huwa nyepesi," akajibu, "na chepesi hupanda. Joto haliwezi kukaa chini kama mgeni mwenye adabu. Linapanda juu, nanyi muwe huko kulipokea."

Alikuwa na watoto kadhaa, na kitindamimba wao aliitwa Sikuzani. Huyo alikuwa mdogo kama kokwa la embe, na baridi kidogo tu ilimfanya midomo iwe ya bluu. Bi Pimbi alikuwa akimsikiliza pumzi kila alipogeuka. Alimpenda kuliko macho yake.

Sasa, jirani yao wa bondeni alikuwa Bwana Fisi.

Msicheke kabla sijachekesha! Nani huyo?

Bwana Fisi alikuwa na pango kubwa, refu, dari lake hulioni, mdomo wake unapitisha ng'ombe wawili wakiwa wamegombana. Alijisifia pango lile. Lakini lilikuwa na baridi kama moyo wa mdai. Moto hakuwa nao, kwa sababu moto unataka kuni, na kuni zinataka mtu ainame. Bwana Fisi kuinama kwake kulikuwa kwa mfupa tu.

Siku moja asubuhi alipita majabalini akitetemeka. Akamwona Bi Pimbi akitoa watoto nje. Wote wamechangamka, pua zinang'aa, mvuke unawatoka midomoni. Bwana Fisi akasimama. Akasema moyoni, "Hawa wana kitu. Mimi mkubwa hivi ninatetemeka, na hawa wadogo kama njugu wana joto! Kuna kitu wanakificha."

Akamtazama Bi Pimbi akikunja blanketi la manyoya. Akatia mkono wake pembeni. Lilikuwa bado na joto la watoto.

"Ahaa!" akasema. "Nimekikamata!"

Akakimbia kumtafuta shahidi. Na kilimani pale shahidi ni mmoja tu anayepatikana saa zote, naye ni Bi Kanga. Bi Kanga hana siri. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana unalikuta limefika mtoni kabla yako. Wakaja wote wawili hadi mlangoni, na Bwana Fisi akaimba:

*Hodi mwenye joto, hodi!*
*Meno yangu yagongana,*
*Mkia wangu waganda,*
*Jirani usininyime!*

Bi Pimbi akatoka. "Karibu, Bwana Fisi. Unataka kaa la moto? Ngoja nikutilie kwenye kigae, na majivu juu yake lisizimike."

"Kaa la nini, shemeji yangu?"

"Tangu lini nikawa shemeji yako?"

"Tangu baridi ilipoanza. Kaa silitaki, kaa linataka kuni. Mimi nataka hilo blanketi. Hilo ndilo lenye joto."

Bi Pimbi akamtazama kwa huruma. "Bwana Fisi, blanketi halina joto. Blanketi ni mlinzi wa mlangoni tu. Joto ni lako mwenyewe, linatoka mwilini mwako linataka kwenda zake, na blanketi linaliambia, 'Unakwenda wapi? Rudi.' Ukilifunika jiwe baridi, litabaki jiwe baridi."

"Umesikia, Bi Kanga? Ananinyima kwa maneno ya kitaalamu!"

Bi Kanga akatikisa kichwa, nusu kwa ajili ya sheria, nusu kwa ajili ya manyoya yake yaliyoshonwa mle bila yeye kupewa hata asante. "Sheria ni sheria, Bi Pimbi. Aliye na baridi hanyimwi."

Bi Pimbi akalitoa blanketi. Afanyeje?

Bwana Fisi akalibeba hadi pangoni kwake akicheka peke yake. Mnadhani alijifunika? Wapi! Akili ya Fisi ikamwambia: "Ukijifunika sasa utalimaliza joto lake mapema. Kwanza liache lipashe kitanda." Kitanda chake kilikuwa bamba la jiwe. Akalitandaza blanketi juu ya jiwe, akalikandamiza pembeni, kisha akaenda kukaa nje kwenye upepo, uchi wa mgongo, akisubiri kitanda kiive.

Kila mara alirudi akachungulia kama mama anayechungulia maandazi. Bado. Akatoka tena. Akarudi. Bado. Jua likazama. Akalivua blanketi kwa haraka, akajitupa juu ya jiwe kwa tumbo lote.

"Yalaaa!"

Jiwe lilikuwa baridi vilevile, na jiwe, wanangu, lina tabia mbaya. Gogo na jiwe vikilala nje pamoja, baridi yao ni moja. Lakini jiwe lina haraka, linanyonya joto la tumbo lako kabla hujasema "mama". Gogo linanyonya polepole kama mtoto aliyeshiba. Bwana Fisi akalala amelikumbatia jiwe, jiwe likamkumbatia yeye, na aliyefaidi ni jiwe.

Kulipokucha akarudi kwa Bi Pimbi na blanketi linaburuzika nyuma yake.

"Blanketi lako limekufa! Chukua mzoga wako!"

"Ulijifunika?" Bi Pimbi akauliza.

"Nijifunike nini, na halijapata moto!"

Bi Kanga akacheka hadi akaangukia kichaka. Watoto wa Bi Pimbi wakacheka. Hata Bi Pimbi, ambaye hapendi kumcheka mgeni, akageukia ukutani mabega yanamtikisika. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Fisi akichekwa hasahau.

Akatazama ndani ya pango lile dogo. Akasikia vuguvugu linamgusa usoni. Macho yakamtoka.

"Mjinga mimi! Si blanketi! Ni nyumba! Nyumba hii ndiyo yenye joto!" Akarudi nyuma hatua chache, akakohoa, akaimba palepale mbele ya shahidi wake, ambaye alikuwa bado anajitoa vichakani:

*Hodi mwenye joto, hodi!*
*Meno yangu yagongana,*
*Mkia wangu waganda,*
*Jirani usininyime!*

"Unataka nini tena?" Bi Pimbi akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niazime nyumba. Nami sikudhulumu, nakupa yangu. Kubwa, ina hewa safi. Utanishukuru."

"Bwana Fisi, nyumba haitoi joto. Nyumba inalitunza lile uliloliingiza. Na mimi nina watoto wachanga."

"Bi Kanga! Ananinyima tena!"

Bi Kanga safari hii hakutikisa kichwa haraka. Alimtazama Sikuzani aliyekuwa amelala kwapani mwa mama yake. Lakini sheria ni sheria, na sheria haikusema "isipokuwa nyumba". Bi Kanga akainamisha shingo. "Mpe, Bi Pimbi. Usipompa utakosa moto mpaka masika. Hapo utawapoteza wote."

Basi Bi Pimbi akatoka kwake. Alitia makaa kwenye kigae, akayafunika kwa majivu. Akafunga nyasi kavu, kuni na magome ya mgomba mgongoni. Akawaambia watoto wajikusanye pamoja kama mbegu za boga. Wakashuka bondeni na upepo unawatafuna masikio.

Walipofika kwenye pango la Fisi, Bi Pimbi aliogopa, nami sitawaficha. Pango lilikuwa kubwa kama uwanja. Upepo uliingia bila kupiga hodi, ukazunguka, ukatoka na kilichokuwamo. Watoto wakaanza kulia. Kisha Sikuzani akanyamaza.

Mtoto mchanga akilia kwa baridi, mama hulia naye. Lakini akinyamaza, hapo ndipo mama huganda. Bi Pimbi akaweka pua yake kwenye tumbo la Sikuzani. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akamwambia, "Chukua langu. Chukua lote. Usiniache." Maana joto, wanangu, ni msafiri wa njia moja. Hutoka kwa mwenye nalo, huenda kwa asiye nalo, na halijapata kugeuza njia. Mama akatoa, mtoto akapokea.

Na huku amembeba hivyo kifuani, akafanya kazi. Alikokota mawe, akajenga ukuta mlangoni mpaka ikabaki nafasi ya kupita pimbi tu. Nyufa akazitia nyasi. Akapanga mafiga ndani kabisa, penye kona, kwa sababu moto mdogo hauwezi kupasha uwanja lakini unaweza kupasha kona. Akakoka. Akatafuta ukutani akaona kichanja cha jiwe, akatandika magome makavu ya mgomba ili jiwe lisiwanyonye wanawe. Akawapandisha, akawabananisha, akawafunika blanketi lilelile aliloambiwa limekufa.

Hewa ya moto ikapanda. Ikawafikia. Mmoja akapiga chafya. Mwingine akamsukuma mwenzake. Na Sikuzani akafungua mdomo akalia kwa sauti ambayo, kama ingekuwa mtoto wa jirani, ungesema kelele gani hizi! Bi Pimbi alipoisikia alikaa chini, akalia na yeye, kwa furaha.

Na Bwana Fisi je?

Mngemwona! Kwanza nyumba ilimbana. Kichwa kiliingia, mabega yakaingia kwa taabu, lakini makalio yalikataa katakata, yakabaki nje yakitazama nyota. Nyasi za mlangoni akazitupa. Akasema, "Hizi zinazuia joto lisiingie!" Moto hakukoka. Akasema, "Moto ni wa wale ambao nyumba zao hazina joto." Akalala kichwa ndani, makalio nje, akisubiri nyumba ifanye kazi yake.

Vuguvugu dogo lililobaki likapita juu ya mgongo wake likatoka nje taratibu, bila hata kumuaga. Kulipokucha, mbele alikuwa na baridi, nyuma alikuwa na sakitu. Ndege wawili walikuwa wametua kwenye makalio yake wakidhani ni kichuguu.

Alijichomoa, akatembea hadi bondeni miguu imekakamaa kama vigingi, akiwa na nia ya kugombana. Bi Kanga akamfuata kwa mbali, maana alijua habari itapatikana. Bwana Fisi alifika kwenye pango lake akakuta ukuta. Akaingiza pua kwenye tundu.

Joto likampiga usoni.

"Haiwezekani," akanong'ona. "Pango langu mimi? Hili hili?" Akachungulia vizuri. Akaona moto mdogo, moto mdogo sana, hauwezi kumtia wivu mtu. Akaona mawe, ni mawe yaleyale. Akainua macho, akawaona watoto wamejazana kwenye kichanja, wananyonyana vidole, mvuke unawatoka. Na akili yake ikafanya kazi kwa mara ya mwisho, na ingekuwa heri ingelala.

"Blanketi lilikuwa na joto wakati watoto wamo. Nyumba ilikuwa na joto wakati watoto wamo. Sasa pango langu lina joto, na watoto wamo." Akajipiga paji la uso. "Ni watoto! Joto liko kwenye watoto!"

Haya, mpeni haki yake, safari hii hakukosea sana. Kila chenye uhai kina joto lake. Lakini sikieni alichotaka.

*Hodi mwenye joto, hodi!*
*Meno yangu yagongana,*
*Mkia wangu waganda,*
*Jirani usininyime!*

"Sema," alisema Bi Pimbi akiwa mlangoni.

"Niazime mtoto mmoja. Mmoja tu, wa kulalia. Yule mdogo pale, anaenea vizuri tumboni."

Bi Pimbi akajibana mlangoni. Alijua Fisi akilala na mtoto wa mwenziwe, asubuhi anaamka ameshiba. Akageuka akamtazama Bi Kanga, na Bi Kanga, yule mwenye maneno kuliko mto, akajikunyata. Alikuwa anatetemeka mpaka madoa yake.

"Shahidi!" Fisi akanguruma. "Tamka sheria!"

"Aliye na baridi…" Bi Kanga akaanza. "Aliye na baridi hanyimwi joto."

"Umesikia, shemeji?"

Bi Pimbi alisikia. Akalisikia neno lile la mwisho kuliko alivyolisikia siku zote.

"Bi Kanga," akasema, "rudia. Hanyimwi nini?"

"Joto."

"Si mtoto?"

"Mtoto hakutajwa. Joto tu."

"Basi, Bwana Fisi, tusivunje sheria. Kwa nini nikupe mtoto, mwenye joto dogo la kuazima, na mimi ninaye baba wa joto mwenyewe? Ngoja hapo."

Akaingia ndani. Katika yale mafiga, moja lilikuwa limekaa na moto tangu jana. Halikuwa jekundu. Halikutoa moshi. Ukiliangalia lilikuwa jiwe jeusi kama mawe mengine, maana moto wa jiwe hauonekani kwa macho. Bi Pimbi hakuligusa. Alilisukuma kwa vijiti viwili, akalibingirisha kwenye majivu. Akalifunga gome la mgomba juu ya gome, na gome jingine, na jingine, mpaka likawa kama tumbo la jumbe. Akalitoa nje kwa kulisukuma.

Bwana Fisi akaweka pua. "Mbona baridi?"

"Si baridi. Joto limefungwa ndani. Magome haya yanalizuia lisitoke kwa mkupuo, litakuwa linakujia kidogo kidogo usiku kucha. Lala nalo hivihivi, ulikumbatie. Lakini nakwambia mbele ya shahidi: usilifungue."

"Umenisikia nikisema kidogo kidogo? Mimi nilitaka joto, sikutaka kudondoshewa!"

"Bwana Fisi, usilifungue."

"Usilifungue, usilifungue! Siku zote unaniambia blanketi linazuia, nyasi zinazuia, sasa magome yanazuia. Mimi nimechoka kuzuiliwa!"

"Usilifungue!" Bi Kanga naye akapiga kelele.

Basi, wanangu, ukimkataza Fisi mara tatu umemwalika. Alirarua gome la kwanza. Akararua la pili. Akatupa yote, akapeperusha majivu kwa mkia. Likabaki jiwe jeusi, limenyamaza kimya kabisa.

"Jiwe tu!" akasema. "Mmenipa jiwe! Haya, nitalikalia mpaka mnipe mtoto!"

Akageuka. Akapanga makalio yake vizuri, yale yaliyokuwa na sakitu. Akakaa kwa uzito wake wote.

*Tsssssss!*

Nimewaambia joto ni msafiri. Siku ile halikusafiri, lilihama na mizigo yote! Bwana Fisi aliruka juu, akapita kichwa cha Bi Kanga, akapita kichaka, akatua mbio. Alitaka kulia lakini kilio kilikuta mdomo umepanuka kwa mshangao, kikatoka kama kicheko: *Hi-hi-hi-hiii!* Akashuka bonde lote akipiga yowe lile. Alipofika mtoni akajitosa kwa nyuma, na maji nayo yakasema *tsss*.

Bi Kanga akapanda juu ya jiwe jingine, jiwe baridi, yeye si mjinga, akatangaza kwa sauti ya kilima kizima: "Nimeshuhudia! Bwana Fisi ameomba joto, amepewa joto! Amepewa lote! Hakunyimwa hata kidogo!"

Na nani angebisha? Sheria ilitimizwa mpaka ikaacha alama.

Bi Pimbi aliwachukua wanawe akarudi kwake majabalini, akaziba mlango, akakoka. Jioni ile alimlaza Sikuzani juu kabisa, na akakaa kumtazama mpaka usingizi ulipomshinda yeye mwenyewe.

Tangu siku ile, Fisi akitembea utamwona nyuma ameshuka kuliko mbele, kama mtu anayeogopa kukaa. Tangu siku ile kilio chake kina kicheko ndani. Na wakaaji wa kilima walikutana, wakaongeza neno kwenye sheria yao. Hawakuifuta, kwa sababu baridi bado ipo na majirani bado wapo. Sasa inasemwa hivi: *Aliye na baridi hanyimwi joto, lakini naye aje na ukuni.*

Haya, mmepata nini? Kwamba blanketi halina joto, lina aliyejifunika. Kwamba nyumba haina joto, ina aliyekoka moto, akaziba mlango, akawabananisha watoto. Ukimwona mwenzio ana raha, usimpore kitu chake ukidhani raha imo ndani ya kitu. Muulize anaamka saa ngapi, na nani anamkatia kuni. Na akikwambia usifungue, jamani, usifungue.

Ngano yangu imepoa hapa. Aliyeiona tamu akawapashie wa kwao. Aliyeiona chungu aniachie chungu, nami nitakomba ukoko.

Nyie wawili mnaovutana hilo blanketi hapo nyuma, mnagombania nini? Sogeleaneni. Hivyo. Zaidi kidogo. Mnaona sasa?